Ukungu ukiihama milima ya Mgeta, kuvumwani hazitabaki

MSAFIRI anayetoka Morogoro mjini kwenda Mgeta hupita katika hali za hewa kadhaa ndani ya saa chache. Huko Mzumbe na Mlali jua ni kali na mahindi ndiyo yaliyotawala mashamba. Gari linapoanza kupanda kuelekea Langali na Nyandira, shati jepesi halitoshi tena, na mahindi yanazipisha kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo, pamoja na matunda ya nchi za baridi kama matufaa na plamu.

Juu ya mashamba ya mwisho huanza Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, na huko mabadiliko hayo huendelea kwa kipimo kingine. Hayahesabiwi tena kwa kilomita. Huhesabiwa kwa hatua, na pengine kwa upana wa kiganja. Shina moja la mti linaweza kuwa na pande mbili zisizofanana: upande unaopokea upepo wenye unyevu umevikwa blanketi zito la kijani, na upande wa pili uko karibu mtupu.

Blanketi hilo ni kuvumwani, mimea midogo ambayo wengi huipita wakidhani ni ukoga tu. Pamoja nazo huota ndugu zao ambao wataalamu wa mimea huwaita hepatika, ambao wengine ni bapa kama utepe na wengine wana vijani vidogo vilivyopangwa kwa safu pembeni mwa kikonyo. Baadhi ya mimea hiyo ni adimu, na ipo inayofahamika kutoka Tanzania pekee.

Tafiti zilizofanywa katika milima hiyo tangu miaka ya 1970 zinaonyesha jambo ambalo mjadala wa misitu na maji nchini haujalipa uzito unaostahili. Mimea hiyo adimu haiishi katika hali ya hewa ya Mkoa wa Morogoro. Inaishi katika hali ya hewa ya korongo moja, ya mgongo mmoja wa mlima, wakati mwingine ya gogo moja lililoanguka. Hali hiyo hutengenezwa na ukungu, upepo na kivuli, na mtu mwenye panga anaweza kuivunja kwa siku moja huku mpaka wa hifadhi katika ramani ukibaki vilevile.

Suala hilo si la wataalamu wa mimea peke yao. Mto Mgeta, unaoanzia katika milima hiyo, humwaga maji yake katika Mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kuu la Jiji la Dar es Salaam na sehemu ya Mkoa wa Pwani. Wakazi wa jiji hilo wanaukumbuka mgawo wa maji wa mwishoni mwa mwaka 2022, wakati kina cha Ruvu kiliposhuka. Tangu ujenzi wa Bwawa la Kidunda ulipoanza mwaka 2023, mazungumzo kuhusu mto huo yamejikita katika saruji na mabomba. Yanayotokea juu ya mlima, mahali maji yanapoanzia, hayazungumzwi kwa kiasi hicho.

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Iko kiasi cha kilomita 200 kutoka Bahari ya Hindi, na kati yake na bahari hakuna kizuizi kikubwa. Pepo zenye unyevu kutoka baharini huukuta ukuta huo, hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua.

Upande wa mashariki ndio unaonufaika kwanza. Yapo maeneo huko ambayo hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Mgeta iko upande wa magharibi, nyuma ya ukuta, mahali ambapo upepo hufika ukiwa umekwisha kutua sehemu kubwa ya mzigo wake. Katika sehemu zake za chini, mvua ya mwaka mzima hukaribia milimita 1,000 tu.

Hata hivyo, mawingu hayaishii kileleni. Hufurika juu ya mgongo wa mlima na kuteremka kidogo upande wa pili kabla ya kuyeyuka katika hewa kavu. Ukanda huo mwembamba, ambamo ukungu wa mashariki unamwagikia magharibi, ndio unaoupa msitu wa juu wa Mgeta uhai wake. Ukanda wenyewe hauna nafasi ya kutosha. Juu yake kuna kilele cha Kimhandu chenye zaidi ya mita 2,600, na chini yake kuna hewa kavu na mashamba.

Takwimu za kawaida za hali ya hewa haziwezi kuuonyesha ukanda huo. Morogoro mjini ni mita zipatazo 500 kutoka usawa wa bahari, ilhali uwanda wa Lukwangule, ulio juu ya Mgeta, unafikia kati ya mita 2,400 na 2,600. Kwa kuwa joto hupungua kwa wastani wa kiasi cha nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, tofauti ya sehemu hizo mbili ni nyuzi 12 hivi. Aidha, chombo cha kupimia mvua kilichowekwa uwanjani hakipimi ukungu. Matone ya ukungu ni mepesi mno kudondoka yenyewe. Huelea na upepo hadi yakutane na kitu cha kuyanasa.

Kitu hicho, katika msitu wa Uluguru, mara nyingi ni kuvumwani.

Ili kuelewa kwa nini mimea hiyo inafungwa na mahali padogo kiasi hicho, ni lazima kutazama inavyoishi. Mti wa kawaida una mizizi inayochota maji ardhini, mishipa inayoyapandisha na nta inayozuia majani yasikauke. Kuvumwani na hepatika hazina mizizi ya kweli, na nyingi zina majani yenye unene wa seli moja tu. Hunywa kwa mwili mzima maji yanayozigusa, na hewa inapokauka, nazo hukauka. Zipo aina zinazoweza kukauka hadi kuvunjika mkononi kisha zikafufuka mvua inaponyesha. Lakini nyingi za msitu wa ukungu zimezoea unyevu wa kila siku na hazistahimili kiangazi kirefu.

Kwa sababu hiyo kila kona ya msitu ina wakazi wake. Kwenye vitawi vya juu huishi zile zinazotaka mwanga na upepo wa ukungu. Chini ya mti huishi zinazotaka giza na utulivu. Kwenye miamba iliyo karibu na maporomoko ya maji, kama yale ya Hululu huko Bunduki, huishi zinazolelewa na manyunyu. Nyingine huota juu ya majani mabichi ya miti mingine. Hepatika hizo za juu ya majani, nyingi zikiwa na ukubwa wa milimita chache, ni miongoni mwa mimea ya kwanza kutoweka hewa ya msitu inapopoteza unyevu.

Mtaalamu aliyeitangaza Uluguru kwa mimea hiyo ni Tamás Pócs kutoka Hungaria. Alifundisha Morogoro mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitivo ambacho mwaka 1984 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Jina lake limo katika Pocsiella, jenasi ya kuvumwani yenye spishi moja tu, ambayo inafahamika kutoka Tanzania peke yake na imehesabiwa miongoni mwa zilizo hatarini kwa kupoteza makazi.

Mwaka 1980 Pócs alichapisha matokeo ya utafiti ambao bado unanukuliwa duniani kote. Alilinganisha sehemu mbili za Uluguru: msitu ulio mita 1,415, na msitu wa miti mifupi iliyopindapinda ulio mita 2,120, juu ya kilele cha Bondwa kinachoonekana kutoka Morogoro mjini. Alipima mimea yote inayoishi juu ya miti mingine, yaani kuvumwani, hepatika, kuvu za magome, okidi na jamii ya madole, pamoja na mboji iliyoshikwa nayo.

Katika msitu wa chini, uzito mkavu wa mimea hiyo ulikuwa tani mbili hivi kwa hekta. Katika msitu wa juu ulifikia kiasi cha tani 14. Katika mvua moja, mimea ya msitu wa chini iliweza kushika lita zipatazo 15,000 kwa hekta, na ya msitu wa juu lita 50,000. Kwa mkazi wa mjini, hayo ni maji ya maboza matano ya lita 10,000, yakiwa yamening'inia juu ya miti ya hekta moja bila tangi wala bomba. Tofauti hiyo ililetwa na mwinuko wa mita 700 tu, na ukungu unaoandamana nao.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Lita 50,000 kwa hekta ni sawa na lita tano kwa kila mita ya mraba, na sehemu ya maji hayo hurudi hewani kama mvuke badala ya kuingia mtoni. Kuvumwani peke yake haziwezi kuijaza Ruvu wakati wa kiangazi. Kazi kubwa ya kuhifadhi maji hufanywa na udongo wa msitu. Wanaodai kwamba ukoga wa Bondwa ndio unaoinywesha Dar es Salaam wanatia chumvi.

Pamoja na hayo, kazi yake ni ya kweli. Hupunguza kishindo cha mvua kubwa kabla haijaufikia udongo wa miteremko mikali, huyaachia maji taratibu, hunasa ukungu ambao ungepita bure, na huifanya hewa ya msitu ibaki na unyevu mvua inapokatika. Unyevu huo ndio unaozilea kuvumwani nyingine. Ni haba na haba inayojaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kikitobolewa, haba hizo hazina pa kukusanyika.

Historia inaonyesha kwamba hali hiyo imedumu kwa muda mrefu mno. Mwaka 2009 watafiti walichapisha uchunguzi wa chavua zilizozikwa katika matope ya kinamasi cha Deva-Deva, huko Lukwangule. Kumbukumbu hiyo inarudi nyuma kiasi cha miaka 48,000. Iligundulika kwamba msitu wa Uluguru ulidumu hata katika zama za barafu, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilipokuwa baridi zaidi na kavu zaidi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba unyevu wa Bahari ya Hindi haukuacha kufika. Mimea ambayo kwingine ilikufa, hapa ilipata pa kujificha.

Kilichodumu miaka yote hiyo kimepungua haraka katika umri wa mtu mmoja. Makadirio yanaonyesha kuwa msitu wa Uluguru ulikuwa na kilomita za mraba zipatazo 300 mwaka 1955, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki 230 hivi. Sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokea katika miteremko ya chini. Kwa hiyo wapo wanaoweza kusema kwamba msitu wa juu, wenye kuvumwani nyingi, umesalimika.

Hoja hiyo ina kasoro. Msitu wa chini ni ngao ya msitu wa juu. Ukiondolewa, hewa moto ya mashamba hugusa moja kwa moja ukingo ambao zamani ulikuwa ndani ya kivuli. Moto unaowashwa kusafisha shamba, ukipanda hadi kwenye nyasi za Lukwangule, hula ukingo huo kidogokidogo. Mti mmoja mkubwa ukikatwa, jua huingia mahali ambapo halijaingia kwa miongo mingi, na hepatika za eneo hilo hukauka ingawa miti mia moja inayozunguka bado imesimama.

Tatizo la pili ni kukatika vipande. Katika eneo la Bunduki, mashamba yaliutenganisha msitu wa Uluguru Kaskazini na wa Uluguru Kusini, yakabaki mabaki madogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu misitu iliyokatwa vipande karibu na Manaus, nchini Brazil, uligundua kwamba vipande vya hekta moja na hekta kumi vilikuwa na mimea michache ya juu ya majani kuliko vipande vya hekta 100 na msitu mzima. Jani moja halidumu, hivyo mimea hiyo lazima ihame kila mara kwenda jani jingine. Penye msitu mdogo, safari hiyo hukosa pa kufikia.

La tatu liko nje ya uwezo wa mkulima wa Nyandira. Dunia inapopata joto, mawingu huelekea kujikusanya juu zaidi. Huko Monteverde, nchini Costa Rica, watafiti walionyesha mwaka 1999 kwamba siku zisizo na ukungu zilikuwa zimeongezeka, na mwaka 2001 wengine wakaonyesha kwamba kufyekwa kwa misitu ya tambarare zilizo upande wa upepo kunaweza pia kuyainua mawingu. Kwa Uluguru, ambayo mawingu yake hupita kwanza juu ya tambarare za Pwani na Morogoro zinazovunwa mkaa, onyo hilo ni la kutafakariwa. Mawingu yakipanda mita 200, kuvumwani za Bondwa hazina mahali pa kuyafuata. Mlima unakwisha.

Tanzania inalo tayari funzo la gharama kubwa kuhusu hali ya hewa ya mahali padogo. Katika Korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, manyunyu ya maporomoko yalilea eneo la hekta chache tu lenye kuvumwani, madole na chura mdogo aliyegunduliwa mwaka 1996, asiyekuwapo kwingine popote duniani. Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya maji yalielekezwa kwenye mitambo. Mvua ya Kihansi haikubadilika, wala joto la mkoa halikubadilika. Kilichokatika ni manyunyu.

Mabomba ya kunyunyiza maji yalitandazwa kuokoa eneo hilo, na vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Waliobaki waliongezeka kwa muda, kisha wakaporomoka mwaka 2003, na ugonjwa wa kuvu ukatajwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili, na ilichukua hadi mwaka 2012 ndipo wazao wa wale waliotunzwa ng'ambo walipoanza kurejeshwa korongoni.

Kwa upande wa sheria, hatua zimechukuliwa. Mwaka 2008 misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia yenye hekta 24,115, ambayo sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji. Lakini mafanikio ya hifadhi bado yanapimwa kwa hekta na kwa idadi ya miti. Hekta inaweza kuwa na miti na isiwe tena na ukungu.

Wala haifai mzigo wote kumtwisha mkulima. Ardhi ya Mgeta ni finyu, familia ni kubwa, na kabichi zinazoshuka kila siku kwenda masoko ya Morogoro na Dar es Salaam ndizo zinazolipa ada za shule. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuwalazimisha Waluguru kulima kwa matuta kupitia mpango wa matumizi ya ardhi ulioanza mwaka 1950. Ulivunjika mwaka 1955 baada ya ghasia za Matombo. Mgeta, ambako mboga ziliyapa matuta faida ya kuonekana, baadhi yake yalibaki.

Njia yenye matumaini imekwisha kujaribiwa upande wa pili wa mlima. Huko Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao watumiaji wa maji wa mabondeni, ikiwamo kampuni ya maji ya Dar es Salaam ya wakati huo, DAWASCO, walichangia malipo kwa wakulima waliohifadhi miteremko. Huko Mgeta kwenyewe, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway walioletwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na SUA walionyesha kwamba kipande kidogo cha ardhi kinaweza kuongeza kipato bila kupanuka kuelekea msituni.

Kinachokosekana ni kuyaunganisha hayo na mahali hasa penye hatari: ukingo wa msitu wa magharibi, makorongo ya Bunduki na nyasi za Lukwangule zinazoungua. Vipimo vya unyevu vikiwekwa chini ya miti, na hepatika za juu ya majani zikihesabiwa kila baada ya miaka michache, wahifadhi watajua kwamba msitu unakauka kabla mito haijawaambia. Chuo chenye wataalamu wa misitu kiko chini ya mlima huohuo.

Gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya kusubiri. Kihansi ilitandaziwa mabomba ya manyunyu kwa hekta chache, na bado chura wake alitoweka. Hakuna anayeweza kuzitandazia mabomba hekta 24,115 za Uluguru.